Kupanga matembezi ya siku na kuonja mvinyo Toscana

Ramani ya Toscana, mkoa wa katikati ya Italia, hudanganya. Kutoka Firenze hadi Siena kwa barabara ya SR222, ile wanayoiita Chiantigiana, ni kama kilomita 70, na mtu aliyezoea kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro na kurudi siku hiyohiyo atasema hiyo si safari. Akishaingia barabarani ndipo anapojua: kona baada ya kona, kilima baada ya kilima, baiskeli mbele, trekta mbele ya baiskeli, na kila penye nafasi ya kuegesha panamwita ashuke apige picha. Asubuhi inakwisha na hajaonja hata tone.

Ndiyo maana likizo nyingi za huko huharibika kwenye daftari la mipango, kabla hata ya kupanda ndege. Watu hujaza siku: mashamba matatu ya mvinyo, miji miwili, maji ya moto, kisha chakula cha jioni Firenze. Mimi ninapendekeza kanuni moja, na yote yanayofuata hapa yanaitegemea: kila siku iwe na miadi moja ya kuonja, mji mmoja wa kutembea kwa miguu, na mlo mmoja wa kukaa kitako. Kitakachozidi hapo ni nyongeza, usikitegemee.

Msimu na viza

Miezi mizuri ni Aprili hadi Juni, na Septemba hadi katikati ya Oktoba. Julai na Agosti jua ni kali na bei ziko juu, na ikifika Agosti 15, sikukuu ya Ferragosto, Waitalia wenyewe wako likizo na milango mingi imefungwa. Siena ina tarehe zake za kuangalia: Julai 2 na Agosti 16 hukimbizwa Palio, mashindano ya farasi ndani ya uwanja wa Piazza del Campo. Kama huendi kwa ajili ya Palio, kaa mbali na mji huo siku hizo na siku mbili tatu za kabla yake.

Mavuno ya zabibu, vendemmia, kwa kawaida huangukia Septemba na mwanzo wa Oktoba. Dodoma mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Toscana ni mara moja tu, na jasho la mwaka mzima la mkulima liko kwenye wiki hizo chache. Kutazama kunapendeza sana, ila mwenye shamba hana muda na wewe. Weka miadi mapema zaidi, na usishangae ukipokewa na kijana wa mapokezi huku mtengeneza mvinyo akipita mbio na ndoo. Ningeambiwa nichague, ningechagua Mei: vilima bado ni vya kijani, jioni ni ndefu, na anayekumiminia anapata nafasi ya kuzungumza.

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo, Rwanda au Burundi anahitaji viza ya Schengen, isipokuwa kama tayari ana kibali halali cha kuishi katika mojawapo ya nchi za Schengen. Ombi hupokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na lisiletwe zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000. Kwa hiyo, malazi utakayoyaweka kabla ya viza kutoka yawe ya kuweza kufutwa bila kulipa.

Mahali pa kulala

Hapa ndipo safari inapoamuliwa, maana kila siku utaanzia na kurudia palepale. Kuna namna tatu za kufanya.

Ya kwanza ni kulala Chianti, eneo la vilima kati ya Firenze na Siena, karibu na Greve, Panzano, Castellina, Radda au Gaiole. Ya pili ni kulala kusini zaidi, bonde la Val d'Orcia, lenye miji ya Montalcino, Pienza na Montepulciano. Huko ndiko ziliko zile picha za barabara nyeupe zilizopangwa misonobari mirefu iliyochongoka. Pande hizi mbili hazifai kuchanganywa kwa kulala mahali pamoja. Anayelala Greve akataka kuonja Montalcino atatumia nusu ya siku ndani ya gari. Ukiwa na wiki nzima, gawa: usiku nne upande mmoja, tatu upande wa pili.

Ya tatu ni ya asiyeendesha gari: alale Siena mjini au Montepulciano. Nitaieleza mbele.

Mashambani malazi ya kawaida ni agriturismo, yaani shamba linalofanya kazi ya kilimo na kupokea wageni. Mengi yana jiko ndani ya chumba au nyumba ya wageni, jambo linaloipa familia nafuu kubwa ya gharama, na mengine yana mvinyo na mafuta ya zeituni ya kwao. Katika miezi ya joto baadhi hukodisha kwa wiki tu, Jumamosi hadi Jumamosi. Uliza pia hali ya njia ya kuingilia. Njia za changarawe nyeupe, strade bianche, zinapendeza machoni, lakini ukiwa na gari dogo la kukodi na ni usiku, kilomita 4 za changarawe na mashimo utazikumbuka.

Jua kwanza unachokwenda kuonja

Huhitaji kuwa mtaalamu. Ukijua mambo machache tu, mazungumzo ya mezani yatabadilika, na hutatembelea sehemu tatu ukaonja kitu kilekile mara tatu.

Zabibu mama ya mvinyo mwekundu wa Toscana ni Sangiovese. Ina uchachu unaotoa mate, ukakasi kiasi, na harufu ya cheri na majani makavu. Karibu kila kitu chekundu utakachomiminiwa ni Sangiovese ya udongo tofauti, urefu tofauti wa kilima na miaka tofauti ya kukaa kwenye pipa. Tofauti hizo ndizo zinazoipa safari maana.

Chianti Classico lazima iwe na Sangiovese isiyopungua asilimia 80, na chupa yake utaitambua kwa nembo ya jogoo mweusi. Mipaka ya eneo hili iliwekwa kwa amri ya mtawala Cosimo III wa Medici mwaka 1716, kwa hiyo ni miongoni mwa maeneo ya kwanza duniani ya mvinyo kulindwa kisheria. Ipo ya ngazi tatu: ya kawaida hukaa miezi 12 kabla ya kuuzwa, Riserva miezi 24, na Gran Selezione miezi 30. Kuna pia mvinyo unaoitwa Chianti tu, bila Classico, unaotoka eneo pana zaidi na usio na jogoo huyo.

Brunello di Montalcino ni Sangiovese tupu, asilimia 100. Inakaa angalau miaka miwili kwenye mapipa ya mbao na hairuhusiwi kuuzwa kabla ya Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno. Huo ndio msingi wa bei yake. Mdogo wake, Rosso di Montalcino, hutoka kwenye zabibu zilezile na mara nyingi mashamba yaleyale, lakini huuzwa kuanzia Septemba ya mwaka unaofuata mavuno, na bei yake mara nyingi haifiki nusu ya Brunello. Wengi huiruka Rosso wakikimbilia jina kubwa. Usiiruke.

Vino Nobile di Montepulciano ni Sangiovese angalau asilimia 70. Huu usiuchanganye na Montepulciano d'Abruzzo, ambao ni mvinyo wa mkoa mwingine na wa zabibu nyingine kabisa inayoitwa Montepulciano. Mweupe wa kutafuta ni Vernaccia di San Gimignano, uliokuwa wa kwanza Italia kupewa daraja la DOC, yaani jina la asili linalolindwa kisheria, mwaka 1966. Na mwisho wa mlo utakutana na Vin Santo, mvinyo mtamu wa zabibu zilizoanikwa, unaoletwa pamoja na biskuti ngumu za lozi, cantucci.

Kuweka miadi

Kiwanda cha mvinyo, cantina, si baa. Nyingi ni nyumba za familia na ofisi zao ziko hapohapo, na ukitokea tu getini saa sita mchana utaambiwa kwa upole kwamba hakuna mtu. Zipo zinazopokea wapita njia, hasa zenye duka kando ya barabara, lakini siku yako usiijenge juu ya bahati.

Tuma barua pepe wiki tatu au nne kabla. Kwa Septemba na Oktoba, au kwa majina makubwa ya Montalcino, tuma mapema zaidi. Nyumba nyingi hujibu kwa Kiingereza, lakini salamu na sentensi mbili za Kiitaliano hulainisha mambo. Ninayoipendekeza ni hii: «Buongiorno, vorremmo prenotare una visita con degustazione per quattro persone, giovedì 14 maggio alle ore 11.00. Grazie.» Maana yake: habari za asubuhi, tungependa kuweka miadi ya ziara na kuonja kwa watu wanne, Alhamisi Mei 14, saa 11.00, asante. Badilisha siku, tarehe na idadi ya watu.

Angalizo kwa sisi tunaohesabu saa kuanzia alfajiri: andika saa kwa mtindo wao wa tarakimu 24. Saa tano asubuhi yako ni 11.00, saa kumi jioni ni 16.00. Mkiwa kundi, mmoja wenu akasoma 10.00 kama saa kumi, miadi imekwisha.

Katika barua hiyohiyo uliza mambo manne. Ni mvinyo mingapi itaonjwa, na je, Riserva au Brunello imo au hulipiwa zaidi? Ziara ya mapipa imo? Kuna chakula? Malipo hufanyika lini, na ukighairi inakuwaje? Bei hutofautiana sana. Kuonja mvinyo mitatu minne pamoja na ziara kwa kawaida ni kati ya euro 20 na 50 kwa mtu, na panapoongezwa mlo au chupa za miaka ya zamani hupanda. Baadhi ya nyumba huondoa ada hiyo ukinunua chupa kadhaa. Uliza, hakuna aibu.

Ziara kamili huchukua saa moja na nusu hadi mbili. Ukichelewa kwa dakika kumi na tano piga simu. Wako wanaopokea kundi moja baada ya jingine.

Kuhusu kuchagua, ushauri wangu ni kuchanganya kubwa na ndogo katika safari, si katika siku moja. Kubwa zina majengo na historia. Kiwanda cha Antinori kule Bargino, kilichofunguliwa mwaka 2012 na kuzikwa ndani ya kilima, kinastahili kuonwa hata na asiyekunywa. Ngome ya Brolio karibu na Gaiole ni ya ukoo wa Ricasoli. Bettino Ricasoli, aliyekuwa waziri mkuu wa pili wa Italia mwaka 1861, ndiye aliyeandika mwaka 1872 mchanganyiko wa zabibu wa Chianti uliofuatwa kwa vizazi. Lakini nyumba ndogo, ambako anayekumiminia ndiye aliyekata matawi Februari, ndiko utakakojibiwa maswali. Mwulize mwenye agriturismo yako jina la jirani yake. Watu hawa wanajuana.

Nani ataendesha?

Suala hili limalizwe kabla ya kukodi gari, siyo kwenye maegesho ya cantina watu wakiwa wameshachangamka. Kiwango cha pombe kinachoruhusiwa Italia ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na kwa mwenye umri chini ya miaka 21 au leseni ya chini ya miaka mitatu ni sifuri. Mvinyo wa huku mara nyingi una asilimia 13.5 hadi 15 ya pombe. Glasi tano za kuonja, hata zikiwa za vidole viwili, zinaweza kukufikisha pabaya.

Njia ya kwanza: awepo mmoja asiyekunywa, na kila siku awe mwingine. Dereva naye anaweza kuonja na kutema, na hakuna atakayemcheka, maana wataalamu wote hutema. Akipenda harufu tu, mwambie mwenyeji, mara nyingi hupunguziwa malipo. Ya pili: kodi gari pamoja na dereva wake kwa siku, huduma inayojulikana kama NCC. Kwa watu wanne hadi saba gharama ikigawanywa huvumilika, na siku ya Montalcino ningeilipia bila kusitasita. Ya tatu: fika kwa basi kwenye mji wenye maghala ya mvinyo ndani yake.

Anayekodi gari awe na leseni yake pamoja na kibali cha kimataifa cha udereva. Leseni ya Kenya, Tanzania au Uganda peke yake haitoshi, na kibali hicho hupatikana nyumbani kabla ya kuondoka. Magari mengi ya kukodi ni ya gia za mkono, ya otomatiki yaagize mapema. Aliyejifunza udereva Nairobi au Arusha akumbuke kwamba huku gari huenda upande wa kulia. Barabara kuu si tatizo. Hatari iko asubuhi ukitoka kwenye uwanja mtupu wa shamba, huna gari la kulifuata, na mkono unakuvuta kushoto kwa mazoea. Msafiri wa Bukavu, Kigali au Muscat hana shida hiyo.

Kisha kuna ZTL. Ni maeneo ya katikati ya mji ambamo magari yasiyo na ruhusa hayaingii, na yanalindwa na kamera: Firenze, Siena, na miji midogo mingi pia. Hakuna askari wa kukusimamisha. Faini huja kwa posta miezi baadaye, na kampuni ya kukodi hukata ada yake juu. Usiifuate simu kwa upofu hadi mlangoni mwa hoteli. Egesha nje ya ukuta wa mji utembee. Mistari ya bluu ni ya kulipia, myeupe ni bure, ya njano ni ya wenye haki maalumu.

Siku inavyokwenda

Ratiba ifuate tumbo la Mwitaliano. Majiko ya mikahawa hufungwa kama saa nane na nusu mchana, na hayafunguliwi tena hadi saa moja na nusu usiku. Atakayetoka kuonja saa tisa akiwa na njaa atakula sandwichi ya baridi, akiipata.

Kwa hiyo toka saa tatu asubuhi, uwe mjini kabla ya mabasi ya watalii. Miadi iwe saa tano. Saa saba ukae mezani, palepale cantina kama wana chakula au mkahawa wa kijiji cha jirani uliouwekea nafasi. Saa tisa hadi kumi na moja ni za kupumzika, kuogelea au kutembea kilimani. Jioni, kama bado kuna hamu, glasi moja kwenye enoteca, duka la mvinyo lenye viti, hatua chache kutoka unapolala. Hapo utaonja nyumba nyingine tatu bila kuwasha gari.

Mfano wa Chianti: Jumamosi asubuhi kuna soko kwenye uwanja wa pembetatu wa Greve. Nunua jibini na mkate, panda kidogo hadi Montefioralle, kijiji cha mawe juu ya mji, kisha miadi upande wa Panzano au Radda. Siku imetosha.

Mfano wa Montalcino: anza mjini kwenye ngome ya karne ya 14, ambayo ndani yake kuna enoteca. Miadi saa tano kwenye shamba la upande wa kusini, ule mlo mrefu, halafu ushuke hadi abasia ya Sant'Antimo, kanisa la mawe ya rangi ya asali la karne ya 12 lililosimama katikati ya mizeituni. Ikibaki nguvu, nenda Bagno Vignoni, ambako uwanja wa kijiji si uwanja bali bwawa la maji ya moto. Humo haruhusiwi mtu kuoga. Wanaotaka kuingia maji bila kulipa huenda Bagni San Filippo, kijito cha moto ndani ya msitu.

Montepulciano ndiyo ninayompa kila asiyependa kuendesha. Mji uko mgongoni mwa kilima, na maghala ya mvinyo yamechimbwa chini ya majumba ya mawe. Unateremka ngazi na kukuta mapipa makubwa ya mwaloni yaliyozidi kimo cha mtu. Cantina ya Contucci iko kwenye Piazza Grande kabisa, na ya De' Ricci iko hatua chache kutoka hapo. Mji ni mpando kuanzia kituo cha basi hadi juu, kwa hiyo vaa viatu vya maana. Pienza, mji ambao Papa Pius II aliujenga upya kuanzia 1459, uko kilomita 14 tu, na unanuka jibini la kondoo barabara nzima.

Anayelala Firenze bila gari aende San Gimignano: treni hadi Poggibonsi, kisha basi 130. Ona minara, halafu onja Vernaccia ndani ya mji kwenye ngome ya Rocca di Montestaffoli. Tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa igongwe muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda, la sivyo faini. Jumapili na sikukuu mabasi hupungua sana. Siku hizo panga kukaa.

Mezani

Usijipulize manukato siku ya kuonja, utawaharibia na wenzako. Shika glasi kwenye kijiti chake. Mvinyo huja kutoka mwepesi hadi mzito, na huna wajibu wa kumaliza kilichomo. Mimina kilichobaki kwenye chombo kilichowekwa katikati ya meza. Kula mkate kati ya glasi na glasi. Mkate wa Toscana hauna chumvi, usidhani wamesahau.

Maswali yanayofungua mdomo wa mwenyeji ni ya kazi, si ya sifa. Uliza kama mvinyo huu umekaa kwenye mapipa makubwa au barrique za lita 225, kwa kuwa pipa dogo huacha ladha ya mbao na vanila zaidi. Uliza mwaka gani ulikuwa mgumu na kwa nini. Atakwambia habari za mvua ya mawe, au jua lililochoma zabibu, au nguruwe pori walioingia shambani, na kuanzia hapo mtaongea kama wakulima.

Asiyekunywa, asiyekula nguruwe

Katika makundi yetu watu hawa wapo karibu kila safari, na si haki wakae nje wakishika mikoba ya wenzao. Tatizo la kwanza ni sinia ya vitafunio, tagliere, ambayo kwa kawaida hujaa salami na nyama nyingine za nguruwe. Andika mapema kwenye barua: «due persone non bevono alcol e non mangiano maiale», yaani watu wawili hawanywi pombe wala hawali nguruwe. Mara nyingi wataletewa jibini, mboga, asali na juisi ya zabibu. Mikahawani, pici all'aglione, tambi nene zenye nyanya na kitunguu saumu, na pappa al pomodoro, uji mzito wa mkate na nyanya, kwa kawaida havina nyama. Mchuzi wa nyama uliopikwa muda mrefu uulizie, mara nyingi umetiwa mvinyo.

Na kuna kuonja mafuta ya zeituni, jambo ambalo nadhani wanywaji wenyewe hulidharau kwa hasara yao. Zeituni huvunwa Oktoba na Novemba, na mafuta mapya ni ya kijani, machungu kidogo, yenye pilipili inayokwaruza koo hadi ukohoe. Mashamba mengi ya mvinyo yana mafuta yao pia. Omba yaingizwe kwenye meza ileile ili kundi lisigawanyike.

Kununua na kubeba

Ukilipia ziara hulazimiki kununua. Ukionjeshwa bure, chupa moja ni adabu. Weka risiti. Anayeishi nje ya Umoja wa Ulaya akinunua duka moja kwa zaidi ya euro 70 anaweza kuomba fomu ya kurudishiwa kodi, ambayo huthibitishwa na forodha kwenye uwanja wa mwisho wa Umoja huo kabla ya mizigo kukabidhiwa.

Chupa zisiachwe ndani ya gari mchana wa Julai, hata kwa saa moja. Kwenye ndege ziingie kwenye begi la chini, kila moja ndani ya soksi na katikati ya nguo, ukihesabu zaidi ya kilo moja kwa kila chupa. Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki humruhusu mwenye miaka 18 na zaidi lita mbili za mvinyo bila ushuru, yaani chupa mbili za kawaida. Anayerudi Kuwait asibebe kabisa, huko ni marufuku.

Ukibaki na nafasi ya chupa mbili na unaishi Mombasa, Tanga au Dar, chukua Rosso kuliko Brunello. Brunello inataka kulala miaka mahali penye ubaridi usiobadilika, na kabati la nyumba ya pwani litaichemsha kabla haijakomaa. Rosso inywe ndani ya miezi michache, baada ya kuipoza kwenye friji dakika 20, pamoja na mbuzi wa kuchoma.